Kipande cha Ngozi Juu ya Kamera

Fundi makochi wa mtaa wetu tunamwita Misumari. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini halina kazi. Akianza kuwamba kochi hujaza misumari midogo mdomoni, akaibana kwa midomo, kisha huitoa mmoja mmoja na kuigongomea kwenye mbao. Ukimsalimu wakati huo anakujibu kwa nyusi. Wageni hudhani ana maringo. Sisi tunajua kuwa ni misumari tu.

Kazi yake anaifanya sebuleni. Chumba kimejaa sponji, vitambaa na viti visivyo na miguu. Harufu ya gundi imekaa humo kama mpangaji wa siku nyingi. Binti yake anaitwa Kengele, kwa sababu sauti yake hufika kabla yake. Wakati wa habari hii jino lake la mbele lilikuwa limelegea, na kila aliyeingia mle ndani ilibidi atikisiwe jino kwanza, ndipo aulizwe shida yake.

Karibu na dirisha kuna meza, na juu ya meza kuna kompyuta. Mama Kengele ndiye aliyeinunua, ikiwa imeshatumika, siku chache kabla ya kusafiri. Alikwenda mbali kufanya kazi ya kuwatunza wazee, mume na mke, ambao watoto wao hawana nafasi. Simu ya Misumari ni ya vitufe, haionyeshi picha ya mtu. Mama Kengele alisema, "Sitaki sauti peke yake. Nataka kuwaona." Basi kila siku yake ya mapumziko, ambayo ni ya nusu siku tu, mchana kabla hajarudi kazini kompyuta ililia, Kengele akakimbia, na uso wa mama yake ukatokea kwenye kioo.

Siku hizo zilikuwa tamu. Ila baada ya kuagana, nyumba ilikuwa kubwa kuliko mwanzo. Kengele aligusa kioo kwa kidole na kuuliza, "Baba, hili joto ni la mama?"

"Ni mashine imechemka," baba yake alijibu.

Mtoto akishatoka kwenda kucheza, na yeye aligusa.

Ndani ya kabati la chumbani Mama Kengele aliacha chupa ya manukato iliyobaki kidogo. Kila asubuhi Misumari alifungua kifuniko, akanusa, akafunga, akaenda kazini. Hakupaka hata tone. Lakini manukato hayajui mapenzi ya mtu. Yalipungua yenyewe, siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja alifungua chupa, akanusa, na hakupata kitu. Alikaa kitandani, mtu mzima na ndevu zake, ameshika chupa tupu. Alimkumbuka mno mkewe.

Jioni ile aliwasha kompyuta, akaandika jina la manukato kama lilivyo kwenye chupa. Picha ikatokea, chupa ile ile, imejaa. Akaitazama. Kesho yake akaitafuta tena, akaitazama. Picha hainukii, na yeye alijua hivyo vizuri kabisa. Alitazama tu.

Sasa sikilizeni kosa la nyumba ile. Kompyuta ilikuwa na akaunti moja, haina neno la siri, na kila mtu alikuwa akiingia humo. Misumari alitafutia humo picha za makochi. Kengele alichezea humo michezo. Na wateja nao waliketishwa hapo hapo, wakaambiwa wachague mtindo wanaoutaka.

Siku moja akaja msusi. Huyu ni rafiki wa Mama Kengele tangu usichana wao, na alikuwa ameleta viti vya saluni yake vivikwe ngozi mpya. Misumari alikuwa na mdomo umejaa misumari. Akamwonyesha kompyuta kwa kidole, maana yake, chagua mwenyewe.

Msusi akafungua ukurasa wa viti. Pembeni mwa viti pakatokea chupa ya manukato ya kike, na chini yake maneno: "Mpendeze umpendaye." Akafungua ukurasa mwingine. Manukato tena. Akafungua wa tatu. Manukato, na pete, na gauni la kulalia.

"Shemeji," akasema polepole, "haya manukato unamnunulia nani?"

Misumari akatikisa kichwa.

"Unatikisa nini? Mwenzio yuko mbali, na mashine inakuletea gauni la kulalia. Nieleze."

Misumari akaonyesha mdomo wake.

"Aa, umekosa la kusema." Msusi akacheka mpaka akashika mbavu. "Na ujihadhari, shemeji. Hii mashine ina jicho pale juu, na ina sikio. Ukisema inasikia, ukivaa inaona. Ndiyo maana inajua moyo wako unakotaka kwenda."

Misumari alipomaliza kutema misumari yote kiganjani, msusi alikuwa ameshachagua rangi ya ngozi na yuko mlangoni. Alikuwa anatania. Ndivyo alivyo. Hakuna mtu anayeketi kwenye kiti chake cha saluni akainuka bila habari mpya. Lakini Misumari aibu ilimvaa kuanzia kichwani mpaka miguuni. Jambo lake la siri kuliko yote lilikuwa limeanikwa mbele ya mteja, na hakupata hata nafasi ya kulieleza.

Mtoto alipokwenda kuoga, akakaa mbele ya kompyuta na hasira zake. Akafungua mipangilio, akafika mahali palipoandikwa Faragha. Kila swichi aliyoikuta imewashwa, akaizima. Kamera, akazima. Kipaza sauti, akazima. Kila alipoulizwa, "Ruhusu au Kataa?" akabonyeza Kataa. Hakusoma anakataa nini. Alikuwa kama mtu anayefukuza nzi.

Bado roho haikutulia. Akachukua mkasi, akakata kipande cha ngozi cha duara, ukubwa wa kifungo cha koti, akakibandika kwa gundi juu ya kamera. Kisha akashona koti zima la ngozi la kuifunika kompyuta, lenye kingo za uzi maradufu, kazi safi ambayo mteja angeililia. Kompyuta ikavaa kuliko watu wa nyumba ile.

Kengele aliitazama. "Baba, inasikia baridi?"

"Inaona sana," baba yake akasema.

Na matangazo ya manukato? Hayakwenda popote. Kila alipoivua koti kompyuta na kufungua ukurasa wa makochi, chupa ilikuwa pembeni inamsubiri. Misumari hakuelewa. Jicho limefungwa, sikio limefungwa, na bado siri yake inajulikana.

Siku ya mapumziko ya Mama Kengele ikafika. Jino la Kengele lilikuwa limeng'oka usiku wa kuamkia siku ile, nalo lilikuwa limefungwa kwenye karatasi, linasubiri kuonyeshwa. Misumari akavua koti la kompyuta, akabandua kile kipande cha ngozi, akafuta gundi kwa kitambaa. Kompyuta ikalia. Kengele akasogeza uso karibu na kamera na kuachama kabisa, ili kitu cha kwanza mama yake atakachokiona kiwe lile pengo.

Mama Kengele akatokea, amevaa sare yake ya kazi. Uso wake ulikuwa na tabasamu. Kisha tabasamu likapungua.

"Mko wapi?" akasema. "Naona giza. Mnanisikia?"

"Mama, tazama. Limeng'oka."

"Halo? Siwaoni. Wala siwasikii."

Kengele akapaza ile sauti iliyompa jina, mpaka jirani akachungulia dirishani. Haikusaidia. Mama yake alizidi kuinama, akakisogelea kioo, macho yakihangaika huku na huku. Wao walimwona vizuri, hata kovu dogo la juu ya jicho. Yeye hakuona kitu.

"Baba," Kengele akasema, sasa kwa sauti ndogo, "mama ananitazama lakini hanioni." Akafunga mdomo wake wenye pengo na kwenda kukaa nyuma ya sponji.

Misumari akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Giza. Kisha ile simu ya vitufe ikalia mfukoni.

"Kamera imeharibika?" Mama Kengele aliuliza.

"Haijaharibika. Nimeifunga."

"Umeifunga mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

Misumari alitazama kule nyuma ya sponji. Mtoto alikuwa anasikiliza. Angeanzaje habari ya kunusa chupa? "Ni habari ndefu," akasema.



"Rafiki yangu msusi alinitania kuhusu manukato," Mama Kengele akasema. "Siku ile nilicheka. Leo sicheki, baba Kengele. Nasikia manukato, halafu unanifungia kamera."

"Si hivyo."

"Sikiliza. Wazee wameniomba niongeze muda. Nitawajibu siku ya mapumziko ijayo. Nilitaka niwaone kwanza. Nilitaka nijue bado kuna watu wananingoja. Kama hamtaki niwaone, basi nita…"

Simu ikakatika. Akapiga, haikupatikana. Akapiga tena, vile vile. Mama Kengele akianza kazi, simu yake hukaa kabatini kwa amri ya wenye nyumba. Misumari akaanza kuandika ujumbe, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta. Maneno ya mapenzi kutoka kwa mtu aliyefunga kamera, hata yeye mwenyewe asingeyaamini. Mkewe angerudi au asingerudi, na jibu lilikuwa ndani ya mashine ile ambayo yeye ndiye aliyeiziba.

Katikati ya wiki akaja mkutubi. Ni mama wa makamo, nyumba yake inatazamana na ya Misumari, na yeye ndiye msimamizi wa maktaba na kompyuta zake. Miaka ya kuwanyamazisha watu imemfanya azungumze kwa kunong'ona popote alipo, hata sokoni. Alikuwa amekuja kutazama viti vya maktaba vimefikia wapi. Akaona lile koti la ngozi.

"Fundi," akanong'ona, "kompyuta yako inasafiri?"

Misumari alitema misumari, akacheka kidogo bila furaha, akamsimulia. Alimsimulia yote, pamoja na habari ya chupa, huku akitazama nyundo yake. Mkutubi hakucheka. Alisogeza kiti akaketi.

"Kwanza tuiondolee kamera lawama," akasema. "Kamera haikukuchongea. Wewe mwenyewe uliandika jina la manukato, tena mara nyingi. Programu unayoingilia mtandaoni ikaweka kumbukumbu. Kurasa ulizotembelea nazo zikaacha alama ndogo ndani ya kompyuta. Wenye matangazo wakizisoma hizo alama wanasema, huyu anataka manukato, mpelekeeni. Hakuna aliyehitaji kukuona wala kukusikia."

"Sasa mbona niliziba kila kitu na bado yanakuja?"

"Kwa sababu uliziba pasipovuja. Haya, nijibu. Mlango wa nyumba yako umeujengea ukuta?"

"Hapana."

"Unamfungulia kila apitaye?"

"Namfungulia ninayemjua, dada."

"Basi kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Keti hapa. Kipanya ushike wewe. Mimi nikikushikia leo, kesho utakuja kunigongea mlango."

Misumari akavua koti la kompyuta, akaketi. Kengele naye akaja, akasimama katikati yao.

Walifungua mipangilio, wakaingia kwenye Faragha, kisha Kamera. Juu kabisa palikuwa na swichi kubwa, ile ambayo Misumari aliizima kwa hasira. Mkutubi akamwambia aiwashe. Chini yake ikajitokeza orodha ya programu zinazotaka kutumia kamera.

"Ndefu hivi?" Misumari akashangaa. "Huu mchezo wa Kengele wa kupanga matunda unataka kamera ya nini?"

"Uulize mchezo wenyewe," mkutubi akasema. "Ukikosa sababu, uzime."

Mchezo haukuwa na sababu. Ukazimwa. Wakapita juu mpaka chini, wakisoma kila jina, na mwisho programu moja tu ikabaki imeruhusiwa kutumia kamera, ile ya kupigia simu za picha. Wakaenda kwenye Kipaza sauti, wakafanya vivyo hivyo. Kisha wakafika palipoandikwa Mahali ulipo.

"Hii ni ya kuonyesha kompyuta iko sehemu gani," mkutubi akaeleza. "Programu za ramani zinaihitaji. Wewe unaihitaji?"

"Kompyuta hii haijawahi kutoka hapa mezani."

"Zima."

Baada ya hapo wakaingia kwenye programu ya mtandao, wakafungua mipangilio yake, wakafika penye kumbukumbu za kurasa zilizotembelewa. Misumari akaona jina la manukato limejipanga kutoka juu mpaka chini. Akataka kufunika kioo kwa mkono. Mkutubi alikuwa ameshageukia dirishani, anatazama nje, kama mtu aliyezoea kutosoma ya wenzake.

"Nikifuta hapa picha za mama yake Kengele hazitapotea?"

"Picha ziko kwenye jalada lake, hazihusiki. Weka alama kwenye kumbukumbu za kurasa, na kwenye zile alama ndogo za kurasa, wanaziita vidakuzi. Penye maneno ya siri yaliyohifadhiwa usiguse. Sasa futa."

Akafuta. Mkutubi akamwonyesha pia sehemu ya matangazo, palipoandikwa kwamba matangazo yafuate mambo unayoyapenda. Akaizima.

"Sitakudanganya," akasema. "Matangazo yataendelea kuja. Utaletewa ya sabuni, utaletewa ya matairi. Lakini hayatakuwa yamekulenga wewe sana kama zamani. Na bado hujamaliza. Wateja wako hapa sebuleni unawakalisha wapi?"

"Kwenye makochi."

"Chumbani kwako wanaingia?"

"Hata kidogo."

"Lakini kwenye kompyuta unawakalisha kitandani kwako."

Misumari akacheka kweli, mara ya kwanza tangu siku ile ya giza. Ndipo wakafungua akaunti mpya. Moja ikaitwa Wateja. Humo mliwekwa picha za makochi na viti, na mtandao, basi. Nyingine ikawa ya Kengele, yenye ruhusa za kitoto. Ile ya zamani ikabaki ya Misumari, ikapewa neno la siri.

"Weka neno refu," mkutubi akasema, "lenye tarakimu ndani yake. Lisiwe jina la Kengele wala la mama yake, maana mtaa mzima unayajua. Na usinitajie mimi."

"Mimi je?" Kengele akauliza.

"Hata wewe," baba yake akasema. "Wewe kengele."

Kuhusu sura ya akaunti yake, Kengele hakuhitaji mwalimu. Tangu inunuliwe, kompyuta ilikuwa na picha ya mlima ambao hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuuona. Aliutoa. Akaweka picha ya mama yake amesimama mlangoni na begi la safari, anacheka na jua limempiga usoni. Herufi akazikuza. Kisha akanuna.

"Hivi vijipicha vya programu vimekaa usoni kwa mama," akasema.

"Vikokote pembeni," mkutubi akamwambia. "Kimoja kimoja."

Kengele akavikokota mpaka vikajipanga ukingoni. Uso wa mama yake ukabaki wazi, na wote watatu wakautazama.

"Sasa jaribu kamera," mkutubi akanong'ona. "Ile programu ya simu ina mahali pa kujitazama kabla ya kupiga."

Misumari akarudi kwenye akaunti yake, akabonyeza. Taa ndogo ikawaka kando ya kamera.

"Unaiona taa? Ikiwaka, kamera inatumika. Ukiiona imewaka na hujapiga simu, uliza kwa nini. Na kama moyo wako unataka kile kipande chako cha ngozi, kitumie. Si ujinga. Lakini usikigundishe. Kining'inize kama pazia, ukishushe ukimaliza."

Kwenye kioo alikuwa ametokea mwanamume mwenye vumbi la sponji kwenye nyusi na msumari mmoja uliosahaulika pembeni mwa mdomo. Misumari alimtazama. Alikuwa amekonda. Alifikiri kwamba huyu ndiye ambaye mkewe alimkosa siku ile, akiinama na kuinama mbele ya giza, na machozi yakamlenga. Mkutubi akaaga, akasema viti vyake havina haraka.

Siku mbili baadaye msusi akarudi kuchukua viti vya saluni. Misumari aliposikia sauti yake, alitema misumari yote kwenye kopo kabla hajaingia. Alikuwa amejifunza. Msusi alitaka pia kuchagua mtindo wa kochi la kungojea wateja, akakalishwa kwenye akaunti ya Wateja. Pakatokea makochi, na pembeni tangazo la matairi.

"Ee, shemeji, manukato yako yamekwenda wapi leo?"

"Yalikuwa ya rafiki yako," Misumari akasema. "Aliniachia chupa. Nilikuwa nainusa asubuhi. Ikaisha, nikawa naitazama kwenye kompyuta."

Msusi alifungua mdomo, akaufunga. Ni jambo ambalo mtaa wetu haukuwahi kulishuhudia.

"Nami nikampelekea mwenzangu utani kule aliko," akasema. "Shemeji, nisamehe. Nitampigia nimweleze."

"Acha. Nataka kumweleza mwenyewe, akiniona."

Siku ya mapumziko ilipofika, Kengele alikuwa kitini asubuhi na mapema. Misumari alikuwa amevaa shati la kutokea, lakini kochi la mteja lilikuwa mbele yake na nyundo iko mkononi, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure. Pazia dogo la ngozi lilikuwa limeinuliwa. Mchana, kompyuta ikalia.

Mama Kengele alitokea na uso uliokazwa, uso wa mtu aliyejiandaa kwa giza. Kisha akaona pengo. Lilikuwa limejaa kioo chake chote.

"Limeng'oka," akasema. Akaweka mkono mdomoni. "Mwanangu, limeng'oka lini?"

"Siku ile. Nilikuonyesha, hukuniona."

"Nakuona sasa. Nakusikia pia. Na jino lenyewe liko wapi?"

Kengele akatoka mbio kwenda kulichukua. Misumari akaona hana muda wa kuzunguka. Akaichukua ile chupa tupu iliyokuwa mezani, akaiinua mbele ya kamera.

"Ndiyo hayo manukato," akasema. "Uliyaacha kabatini. Nilikuwa nayanusa kila siku kabla ya kazi. Yakaisha, nikayatafuta kwenye mtandao nipate kuyatazama. Rafiki yako akayaona, nikaingiwa na aibu, nikafunga kila kitu. Nikakufungia na wewe. Nilikuwa nimekukumbuka sana, mama Kengele. Nimekukumbuka hata sasa hivi."

Mama Kengele alifuta macho kwa pindo la sare, akatazama nyuma ya bega la mumewe, akatazama sponji, vitambaa, viti visivyo na miguu.

"Huku kwao kimya," akasema mwishowe. "Nyumba haina sauti yoyote. Nikilala nasikiliza kama nitaisikia nyundo yako. Haya, endelea na kazi. Nataka kusikia."

Misumari akajaza misumari mdomoni, akaanza kugonga. Akagongomea ukingo wa kochi kuanzia kona mpaka kona, na mkewe, kule mbali, akafumba macho.

"Nitawajibu wazee leo," akasema, macho bado amefumba. "Muda ukiisha narudi. Siongezi. Na hayo manukato usiyatafute tena, baba Kengele. Nitakuja nayo mwenyewe."

Nyundo ikasimama. Misumari hakuweza kusema kitu, mdomo ulikuwa umejaa. Mama Kengele akafumbua macho, na mumewe akamjibu kwa nyusi.

Kengele akaingia na jino lake kwenye karatasi. "Baba amesema nini?"

"Amesema ndiyo," mama yake akamwambia. "Nimemwona."